Kwa nini Buddy's ya Detroit haikuwa Domino's: jibu refu kwa mdau aliyeuliza

Mdau kaniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Mkuu, nasikia Domino's na Little Caesars zote zimezaliwa Michigan, maeneo ya Detroit na jirani zake. Ila watu wa Detroit ukiwauliza pizza ya kwao ni ipi wanakutajia Buddy's, ambayo imeanza kupika 1946 kabla ya hao wote. Sasa ilikuwaje kaka mkubwa akabaki na matawi ya kuhesabika halafu wadogo zake wakazunguka dunia? Walikosa mtaji au pizza yao ni ngumu kupika sehemu nyingine? Na je bado wana nafasi?"

Mtaji sio sababu kubwa, hilo nalitoa mapema kabisa, kwa sababu hao wadogo wenyewe walianza na hela ya kuokoteza. Ugumu wa kupika ni kweli upo lakini ni nusu ya sababu, na kuna kampuni moja ya hapo hapo Michigan inayothibitisha kwamba ni nusu tu, nitaifikia. Kilichowabana Buddy's kuliko vyote ni viti. Ndio, viti vya kukalia wateja. Vumilia kidogo maana inabidi tuanzie mbali.

Detroit ya 1946 ndio mji wa magari wenyewe, vita imeisha, viwanda vilivyokuwa vinatengeneza silaha vimerudi kwenye magari, watu wanatoka shifti wana njaa na wana hela mfukoni. Gus Guerra alikuwa na baa inaitwa Buddy's Rendezvous, kona ya Conant na McNichols, hiyo barabara ya McNichols wenyeji wanaiita Six Mile. Iko upande wa mashariki, karibu na Hamtramck ambako kulikuwa na kiwanda kikubwa cha Dodge. Inasemekana enzi za marufuku ya pombe, ile ya 1920 mpaka 1933, pale palikuwa pahala pa kunywa kwa kujificha, baadaye ndio pakawa baa halali. Baa ina wanywaji, wanywaji wanataka kitu cha kutafuna, Guerra akaanza kuwapikia pizza nene ya mraba yenye asili ya Sicily. Nani hasa alileta mapishi watu wanabishana mpaka leo, wengi wanasema yalitoka upande wa mkewe Anna, mama mkwe akiwa ndio mwenye siri, na wengine wanampa sifa mhudumu wa baa aliyetoa wazo. Kwangu mimi cha maana zaidi ni chombo walichopikia.

Pizza ya Sicily inataka trei pana, nao wakapata trei za chuma kizito cha rangi ya bluu iliyokolea zilizokuwa zinatumika kwenye karakana na viwanda kuwekea spea ndogo ndogo. Trei nene, ya mstatili, kuta zake zimeinuka na kuinama kidogo kwenda nje. Kumbe ile trei ndio imekuja kuwa pizza yenyewe! Chuma kizito kinashika joto vizuri kwa hiyo chini unga unakaangika badala ya kuokwa tu, na zile kuta zinaruhusu upange jibini mpaka pembeni kabisa ligusane na chuma. Jibini wanalotumia ni la Brick, la kutoka Wisconsin, alilibuni mtu mwenye asili ya Uswisi anaitwa John Jossi mwaka 1877, lina mafuta mengi kuliko mozzarella. Likiyeyuka linatiririka kati ya unga na ukuta wa trei, linakaangika, linashika ukoko wa kahawia uliokolea kuzunguka pizza nzima. Wanaoijua wanagombania kipande cha kona kwa sababu kona ina ukoko pande mbili. Pepperoni, vile vipande vyembamba vya soseji, inakaa chini ya jibini na sosi inakuja juu ya kila kitu kwa mistari, tofauti na mpangilio uliozoea, ili unga usilowe.

Sasa iangalie hiyo pizza kwa jicho la mtu wa biashara, achana na mlaji. Unga wake una maji mengi, kwenye kilo moja ya unga mkavu unaweza kukuta maji gramu 700 hivi, kwa hiyo unanata, hausukumwi wala hauchezewi hewani kama ule wa pizza ya duara. Unauweka kwenye trei, unautandaza kwa vidole kidogo, unagoma unarudi nyuma, unauacha upumzike, unarudi tena kuutandaza mpaka ufike kona, halafu unauacha uumuke humo humo ndani ya trei kabla ya kuweka chochote juu. Maana yake ni kwamba pizza utakazouza saa mbili usiku umeshaziamulia mchana, idadi yake ni idadi ya trei ulizozijaza. Wakija watu mia kwa mpigo huwezi kuongeza mwendo, trei ziko ngapi ndio hizo hizo. Na trei mpya nayo ni mtihani, inashika unga mpaka izoee mafuta, kwa hiyo ukifungua tawi huwezi kununua trei leo ukapika vizuri kesho, unatakiwa kuzilisha mafuta na kuzichoma mara nyingi kwanza. Nimekaa kwenye biashara ya chakula muda wa kutosha kujua kwamba kitu cha namna hii mwenye mgahawa mmoja anakipenda sana, maana washindani hawakiigi kirahisi, lakini anayetaka migahawa mia anakiona kama balaa.

Rudi sasa kwa wadogo zake.

Desemba 1960 Tom Monaghan na mdogo wake James walichukua kijiduka cha pizza kinaitwa DomiNick's kule Ypsilanti, mji wa chuo kikuu, magharibi ya Detroit. Walikopa kama dola 900. Hawa ni vijana waliolelewa sehemu ya utoto wao kwenye kituo cha yatima, mzee hawana, mjomba tajiri hawana, kwa hiyo ile hoja yako ya mtaji ndio maana nimeitupa. James hakukaa hata mwaka mzima, akaachia hisa zake akapewa Volkswagen ya Beetle waliyokuwa wanasambazia pizza (naamini hakuna gari lililowahi kuuzwa ghali kama lile katika historia ya Michigan, na Michigan wameuza magari). Tom akabaki. Na kitu alichojifunza mapema ni kufuta. Walikuwa na pizza ndogo za inchi 6 ambazo zilikuwa zinachukua muda ule ule wa kutengeneza na kupeleka kama pizza kubwa lakini hela kiduchu, siku wafanyakazi walipopungua akazifuta, akaona kazi imekuwa nyepesi na faida imepanda. Toka hapo akawa mtu wa kufuta tu, akapunguza saizi, akapunguza vya kuwekea juu, akaondoa masuala ya kukaa mezani, mteja ni mwanafunzi yuko bwenini na njaa yake anasubiri mlango ugongwe. Jina likawa Domino's mwaka 1965, zile nukta tatu kwenye nembo ni maduka matatu aliyokuwa nayo wakati huo, na 1967 akatoa franchaizi ya kwanza, yaani kumuuzia mtu mwingine haki ya kufungua duka kwa jina lake.

Kilichofuata ndio injini yenyewe, na watu wengi wakisimulia Domino's wanairuka wanakimbilia ile ahadi ya pizza kukufikia ndani ya dakika 30. Monaghan alitenganisha kupika na kuandaa. Unga unakandwa sehemu moja kuu, unakatwa madonge, unapakiwa kwenye gari unasambazwa madukani ukiwa tayari, pamoja na jibini na sosi na maboksi. Dukani kijana aliyeajiriwa juzi anachotakiwa kujua ni kutandaza donge, kupaka, kunyunyizia, kuingiza ovenini. Hakuna siri ya mama mkwe pale. Na yule aliyenunua franchaizi analipa mrabaha kwenye mauzo, wakati huo huo ananunua unga na jibini kutoka kwa kampuni mama, mpaka leo zaidi ya nusu ya mapato ya Domino's yanatoka kwenye hiyo kazi ya kuwauzia matawi bidhaa. Kwa hiyo kila duka jipya linalofunguliwa, kwa hela ya mtu mwingine, ni mteja mpya wa ghala lao. Ukiwa na mashine ya aina hiyo huhitaji kusukumwa ukue.

Dakika 30 ilikuwa tangazo zuri na ilifanya kazi kwa sababu tu ile mashine ilikuwepo nyuma yake. Waliiacha mwishoni mwa 1993 baada ya baraza la mahakama kule St. Louis kumpa mwanamke aliyegongwa na dereva wao fidia ya karibu dola milioni 79. Hapo walikuwa wameshavuka maduka 5,000 miaka minne nyuma. 1998 Monaghan akauza sehemu kubwa ya kampuni kwa Bain Capital, kampuni ya uwekezaji, kwa takriban dola bilioni moja, akaondoka zake.

Mike na Marian Ilitch wao walifungua duka Mei 1959 Garden City, kitongoji cha Detroit, kwa akiba yao ya dola 10,000. Mike alikuwa mchezaji wa besiboli wa timu za chini, goti likamgomea. Mwanzoni waliuza mpaka kuku na samaki, baadaye wakaegemea pizza. Franchaizi ya kwanza 1962. Domino's inauza muda, Little Caesars inauza bei, hiyo ndio tofauti yao kubwa na wameishikilia miaka yote. 1979 wakaja na mbili kwa bei ya moja, ile kelele ya "Pizza! Pizza!", na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja na pizza iliyokwisha pikwa inakusubiri kwenye boksi la moto kwa dola 5, unaingia unalipa unatoka, hakuna kupiga simu hakuna kusubiri. Katikati hapo waliteleza vibaya, miaka ya 90 waliingia ndani ya maduka ya Kmart kwa wingi, Kmart ikaanza kuyumba na wao wakapunguza maduka. Wanaokwambia kukua haraka hakuna gharama wanasahau kipindi kile. Na wao pia wana kampuni yao ya kusambaza bidhaa madukani, somo ni lile lile.

Kituko kimoja ambacho siwezi kukiacha: hawa wauza pizza wawili wamepokezana timu moja ya besiboli. Monaghan alinunua Detroit Tigers mwaka 1983, mwaka uliofuata wakabeba ubingwa, halafu 1992 akamuuzia nani? Mike Ilitch, ambaye tayari alikuwa na Detroit Red Wings ya hoki tangu 1982. Yaani mji uliojengwa na magari, timu zake zikawa zinaendeshwa na hela ya jibini.

Na Buddy's muda wote huo walikuwa wapi? Walikuwa wanapika tu. Guerra mwenyewe aliuza baa mwaka 1953 kwa jamaa wawili, Jimmy Bonacorsi na Jimmy Valenti, akaenda kununua sehemu nyingine inaitwa Cloverleaf kwenye kitongoji kilichokuwa kinaitwa East Detroit, siku hizi Eastpointe, akaendelea kupika pizza ile ile huko. Ona sasa, mwanzilishi ameondoka na mapishi yake, na waliobaki wana mapishi yale yale na jina. Hapo ndio pizza hii ilipoanza kuwa mali ya mji kuliko mali ya kampuni, maana hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake "umeniibia". Wapishi nao wakawa wanahama, Louis Tourtois alipita Buddy's, akaenda Shield's, mgahawa mwingine wa pizza, halafu 1977 akafungua ya kwake, Loui's, kule Hazel Park. Mapishi yanatembea kwa miguu ya wapishi, hayatembei kwa mikataba.

1970 Billy na Shirlee Jacobs wakanunua Buddy's, na familia hii ndio iliyoanza kuitawanya. Lakini angalia walivyoitawanya. Detroit ilikuwa inakimbiwa. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu karibu milioni 1.85, sensa ya 2010 ikakuta 713,777. Wateja hawakufa, wengi walihamia vitongojini, kwa hiyo Buddy's wakawafuata, Warren, Livonia, Farmington Hills, Dearborn, huko ndiko matawi yalipoota. Ile ya Conant hawakuifunga ingawa mtaa ulioizunguka ulipungua watu, na kiwanda cha Dodge cha Hamtramck kikafungwa 1980. Walifuata wateja wao wa zamani na watoto wa wateja wao. Hawakwenda kutafuta wateja wapya Ohio au Illinois. Sasa mtu anaweza kuita huo ni uoga. Mimi siuiti hivyo, biashara ya familia inayolipa bili zake haina sababu ya kujitafutia presha, ila ni lazima tukubali kwamba kasi yake ni ya familia, unafungua tawi pale faida ya matawi yaliyopo ikiruhusu na pale una meneja wa kumwamini aliyekulia ndani ya jiko lako.

Na matawi hayo yalikuwa migahawa kamili. Hapa ndio narudi kwenye viti. Buddy's ni sehemu ya kwenda kukaa. Pale Conant kuna mpaka viwanja vya bocce, ule mchezo wa Kiitaliano wa kurusha mipira. Unakaa, unaagiza bia, unakula saladi, pizza inachukua muda wake na huna haraka. Kuzaa tawi la aina hiyo unahitaji jengo kubwa, maegesho, wahudumu wa mezani, vyoo vya wateja, watu wa kuosha vyombo, na leseni ya pombe. Hiyo leseni pekee yake Michigan ni mziki. Jimbo linatoa leseni za baa na migahawa kwa mgao wa idadi ya watu, leseni moja kwa kila watu 1,500 kwenye eneo husika, kwa hiyo kitongoji kizuri chenye wateja unaowataka mara nyingi leseni zimeshaisha na inabidi ununue kwa mtu anayefunga, kwa bei yake yeye. Duka la Little Caesars halihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Linataka fremu ndogo kwenye maduka ya barabarani, kaunta, oveni, watu watatu wanne. Kwa hela na miezi inayokwenda kwenye mgahawa mmoja wa Buddy's, mwenzako anaweza kuwa ameshafungua vijiduka kadhaa, tena kwa mfuko wa mnunuzi wa franchaizi.

Utaniambia sawa, lakini hata bila viti ile pizza bado ni ngumu, trei, unga wa kunata, na kadhalika. Ndio hapa naileta ile kampuni niliyoiahidi. Inaitwa Jet's. Ilianza 1978 Sterling Heights, kitongoji cha Detroit, na ndugu wa familia ya Jetts. Pizza yao inayowapa jina ni ile ile ya mraba ya kwenye trei, yenye ukoko wa jibini, Detroit kabisa. Walichokifanya ni kuitoa nje ya mgahawa. Hakuna meza, hakuna bia, unachukua unaondoka au unaletewa. Wakatoa franchaizi. Leo wana maduka zaidi ya 400 yaliyosambaa kwenye majimbo mengi ya Marekani. Hata ule ugomvi wa kona wameutatua kwa akili ya kiduka kabisa, badala ya trei moja kubwa yenye kona nne wanakupa mbili ndogo ndani ya boksi moja, kona nane, kila kipande kina ukoko, hakuna mtu kununa.

Kwa hiyo ukiweka kampuni tatu kwenye mstari jibu linajitokeza lenyewe. Domino's waliondoa viti na wakaondoa kila kitu kigumu kwenye pizza, wakafika maduka zaidi ya 20,000 duniani. Jet's waliondoa viti lakini wakabaki na trei, wakafika mamia. Buddy's walibaki na trei na viti, wakafika dazeni moja hivi kufikia 2018, zote ndani ya Michigan. Trei inakupunguzia kutoka maelfu kuja mamia, viti ndio vinakutoa kwenye mamia vinakuleta kwenye makumi. Ndio maana nikasema ugumu wa kupika ni nusu tu.

Kuna jambo jingine ambalo swali lako halikuligusa na nadhani ndio kisa chenyewe hasa kwa upande wa Buddy's. Wakati kampuni imekaa Michigan, pizza yake ilisafiri bila yenyewe. Shawn Randazzo, aliyeanza kama kijana wa kupeleka pizza Cloverleaf, ile ya Guerra, alikwenda Las Vegas 2012 kwenye mashindano ya dunia ya pizza akashinda kwa pizza ya Detroit. Mpaka wakati ule nje ya Michigan ukisema pizza ya Detroit watu walikuwa wanakuangalia tu, wanajua ya New York na ya Chicago basi. Randazzo baada ya ushindi akawa kama mhubiri, akafundisha wenye migahawa sehemu mbalimbali namna ya kuipika, akauza mpaka trei zenyewe. Alifariki 2020. Mwaka mmoja kabla ya ushindi wake ndugu wawili kutoka Detroit walikuwa wameshaanza kuuza Austin, Texas, kwenye trela, wakaiita Via 313 kwa namba ya simu za eneo la Detroit, nayo ikaja kuwa na matawi yake. New York ukaja mgahawa wa Emmy Squared. Little Caesars wenyewe, majirani wa miaka yote, wakatoa ya kwao 2013. Na Januari 2021 Pizza Hut, ambao walianzia Kansas, wakaitangaza nchi nzima wakiiita pizza ya mtindo wa Detroit.

Hebu fikiria uko Buddy's unaona hilo tangazo. Chakula chako, trei yako, sosi juu ya jibini kama unavyofanya tangu 1946, kinauzwa na kampuni yenye maelfu ya maduka na wewe hupati hata senti. Na huna wa kumshtaki, mapishi hayana hataza na mwanzilishi wako mwenyewe aliondoka nayo 1953. Wapo wanaosema hilo ni pigo. Naona limewasaidia kuliko lilivyowaumiza, maana mtu aliyeonja ya Pizza Hut akaipenda kidogo ndio anaanza kuuliza ya asili iko wapi, na kila makala inayoandikwa kuhusu pizza ya Detroit inalazimika kuanza na jina la Buddy's. Matangazo ya bure ya aina hiyo kampuni ndogo haiwezi kuyanunua. Tatizo ni kwamba anayeuliza yuko Texas na mgahawa uko Michigan.

Sasa ile sehemu ya mwisho ya swali, kama bado wana nafasi. 2018 familia ya Jacobs ilileta CapitalSpring, kampuni ya uwekezaji inayoshughulika na migahawa, ikachukua umiliki mkubwa. Mara tu baada ya hapo kasi ikabadilika, 2019 wakafungua Grand Rapids, upande wa pili kabisa wa jimbo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka Detroit. Hiyo Grand Rapids ilikuwa na maana kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Vitongoji vyote vya nyuma wateja walikuwa ni watu waliokula Buddy's utotoni, wanakuja na kumbukumbu zao tayari. Grand Rapids ni Michigan lakini sio Detroit, pale inabidi pizza ijiuze yenyewe. Walifungua na wakaongeza matawi mengine, hivyo hofu kwamba pizza hii inaliwa na wenyeji tu ilikwisha hapo, ingawa kusema kweli Jet's na Via 313 ya Austin walishalijibu hilo kitambo.

Hatari ninayoiona ni ya kawaida kwa kampuni za familia zinazochukuliwa na wawekezaji. Mwekezaji ana muda wake, anataka siku moja auze kwa bei ya juu, kwa hiyo presha ya kuongeza matawi inakuja pamoja na presha ya kupunguza gharama, na gharama kwenye pizza hii zimekaa sehemu mbili tu zinazoonekana, jibini na muda wa unga. Jibini la Brick linatoka kwa watengenezaji wachache, na ni rahisi mtu wa mahesabu kuuliza kwa nini tusichanganye na mozzarella kidogo, nani atajua. Wateja watajua, sababu ukoko wa mozzarella sio ule. Na unga nao, mtu atauliza kwa nini usikandwe ghalani ukaletwa umegandishwa kwenye trei. Hilo kiufundi linawezekana na wengine wanafanya, ila ukishafika hapo umeingia uwanja wa Jet's na Little Caesars, ambako wao wana miaka zaidi ya 40 ya uzoefu na bei ya chini kuliko yako.

Ningekuwa na sauti kwenye kikao chao ningewaambia wasikimbilie mamia. Waende miji ya jirani yenye watu wengi waliohama kutoka Michigan, Chicago ipo, kaskazini mwa Ohio ipo, wafungue migahawa michache iliyokamilika na meza zake na bia yake, na pembeni ya kila mgahawa waweke dirisha la kuchukua na kuondoka lenye trei zake zenyewe, zisichanganywe na za mezani, maana kinachoua migahawa ya aina hii siku hizi ni oda za simu kula trei za watu waliokaa. Dirisha ndio lilipe kodi ya viti.

Wewe unayefuatilia ukitaka kujua wameamua nini usihesabu matawi. Siku wakivuka mpaka wa Michigan angalia kama wameomba leseni ya pombe ya huko wanakokwenda. Wakiomba ujue wanapeleka Buddy's yenyewe, wasipoomba ujue wameamua kuwa Jet's wa pili.